Beseni Langoni Bryngarth

Ngome ya Bryngarth, Jumatatu, siku ya Mtakatifu Mikaeli

Dada Hawisa,

Hujambo huko milimani? Na shemeji Idnerth, bado anajikuna ndevu kabla ya kila neno? Mimi mzima kama chuma. Mwandiko usiucheke, Padre alinifundisha nusu, akachoka.

Tangu Baba aitwe na mfalme, mtunza ngome ni mimi. Nina watu kumi na mmoja, ukiongeza mimi na nguvu zangu tunafika thelathini. Jana alikuja Seisyll, mkuu wa bonde lenu, na wanaume wake, eti kuzungumza amani. Nikawatolea maji ya kunawa miguu, kama Baba anavyowafanyia Wawelisi wa huko milimani. Wakakataa. Nikamwambia, "Basi mzee, kaeni na harufu yenu." Hakucheka. Wakanywa pombe ya asali, wakasifia kisima, wakasifia lango, wakaenda. Nimewaalika tena Alhamisi. Vita nimevimaliza kwa pipa moja. Baba miaka kumi alikuwa akifanya nini?

Mdogo wako,
Warin

Nyumbani kwa Idnerth, Jumanne

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Gwrgi mchungaji anakuletea hii ndani ya jibini. Soma bila mzaha.

Huku, mgeni akikubali kuoshwa miguu, amekubali kulala kwako. Silaha anaziacha mlangoni na hawezi kukugusa. Akikataa, anakwambia yeye si mgeni wako. Seisyll hakufungwa na lolote, na watu wako ameshawahesabu.

Alhamisi weka beseni nje, ng'ambo ya daraja. Asiponawa, usifungue.

Na mimi usinitaje. Idnerth na Seisyll ni watoto wa ndugu wawili. Wakijua nimekuonya, hapa sina wa kunitetea.

Dada yako,
Hawisa

Bryngarth, Alhamisi jioni

Dada,

Habari za tangu juzi? Sisi wote tunapumua, kwa sababu yako.

Walikuja wamejifunika majoho, mashoka yamejaa ndani. Seisyll akalitazama beseni weee.

"Kijana, tangu lini Wanormani mnaosha watu miguu barabarani?"

"Tangu nijue kwamba asiyenawa amekuja kuua."

"Baba yako miaka kumi hakulijua hilo. Wewe umelipata wapi?"

Hapo ilifaa ninyamaze. Lakini watu wangu walikuwa ukutani wakisikiliza, na nilikuwa nimeshinda. Nikasema, "Kwetu hata wanawake wanakuzidi akili."

Jina sikutaja, dada. Naapa. Lakini alitabasamu, akageuza farasi, na hakushika njia ya kwake. Alishika ya kwenu.

Nijibu leo, hata neno moja.

Mdogo wako,
Warin

Bryngarth, Jumamosi

Dada yangu,

Sijui nikusalimie vipi.

Gwrgi amerudi na barua yangu, muhuri mzima. Anasema farasi wa Seisyll wamefungwa uani kwenu. Shemeji alikuwa nje akipasua kuni, akamwambia, "Hapa hakuna mtu wa kuandikiwa." Hakumtazama usoni.

Padre ananiambia mtunza ngome hatoki ngomeni. Ni kweli. Funguo nimempa yeye. Baba akirudi anipige, au anifukuze, juu yake. Mdomo ulikuwa wangu, na watu kumi na mmoja hawa siwezi kuwapeleka wakafe kwa ajili ya mdomo huo.

Naja peke yangu, na farasi wawili. Gwrgi amekubali kujaribu mara moja tena, kwa dirisha la nyuma. Ukiipata hii, usikae kuijibu. Shuka mtoni. Nitakuwa upande wenu wa maji.

Mdogo wako,
Warin