Mkaa wa Vifuu Ndani ya Pasi

Njiro, Arusha, Ijumaa

Bibi yangu, shikamoo. Goti limepata nafuu? Huku baridi inaingia mpaka kwenye meno, na Mlima Meru sijauona, umejifunika mawingu tangu nifike.

Bibi, naogopa. Kesho tunaonyesha kazi zetu za sayansi mbele ya shule zote, kwa Kiingereza. Ule mkaa wa vifuu ulionichomea ndio kazi yangu: ukiutia kwenye dawa ya vidonda, ile haidrojeni peroksaidi, dawa inatoa oksijeni upesi, na mkaa wenyewe haupungui. Vitabuni wanatumia unga wa madini, mimi mkaa mtupu.

Leo jioni umeme umekatika. Nimetoka kuoga hapa kwa mama mdogo, nikamkuta ananipigia sare pasi ya mkaa.

"Mama yangu ana akili," akasema. "Amejua huku kuna mgao. Mkaa wake haurushi hata cheche."

Mfuko wangu wa mkaa wa vifuu ulikuwa mtupu.

Nakwambia wewe tu: nilifurahi. Nilijua kesho sitasimama. Ila mama mdogo akauliza mbona naukung'uta ule mfuko, nikamweleza. Akashika kichwa. Akaimwaga pasi uani, akachagua vipande ambavyo moto haujavifikia, akaviosha majivu kwa ndimu. Tukajaribu kimoja kwenye kikombe cha dawa. Povu likamwagikia mezani.

Basi mkaa upo, sare imenyooka, na mimi sina pa kujificha. Niombee sauti itoke, Bibi. Nimekukumbuka mpaka harufu ya jiko lako.

Mjukuu wako,
Mwanaidi