Video Iliyozimika Kabla ya Mwisho

Salamabila

Mama yangu, Mama Feza,

Asalam aleikum. Kabla hujasoma mstari wa pili, mpe maji aliyekuletea barua hii. Mpe na mkeka akae, maana njia ya kutoka huku ni matope matupu, kiuno kinakatika. Kama kuna bugali iliyobaki, mpashie moto. Halafu vaa miwani yako, usome polepole.

Hali yako? Najua utasema, "Tuko, tunasukuma," lakini mguu je, ule uliovimba wakati wa kupanda mpunga? Mihogo imekubali? Mjukuu wako ameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, Mama, na leo sitakuficha kitu, maana nikikuficha mtu atakufa.

Kazi yangu ya huku unaijua. Riwaya zangu za kutisha zinasomwa lakini hazilishi, ndiyo maana nasimama kwenye banda la video na megafoni, nawageuzia wachimbaji dhahabu maneno ya sinema kwa Kiswahili. Sinema zenyewe zinakuja na lugha za mbali. Mara nyingi hata mimi sielewi, natazama midomo tu na kutunga. Nao wanataka za kutisha peke yake! Watu wanaoshinda chini ya ardhi, juu yao miti miwili iliyooza ndiyo imeshikilia mlima, wanatoka, wanaoga, halafu wanakuja kutafuta kuogopa tena. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akacheka. "Mwandishi, woga ya mu shimo haina benchi. Hii ya video unaikalia. Ikikuzidi, unatoka inje kukojoa."

Na kusema kweli tunacheka sana. Katika sinema hizo mtu anasikia kelele chumba cha chini, basi anashuka kuangalia, peke yake, na tochi inayokufa. Banda zima linampigia kelele: "Toka humo, mjinga weye!" Huku kwetu mtu akisikia kelele msituni anakimbia kwanza, maswali baadaye. Halafu nyumba zao kubwa, kila mtu na chumba chake. Sisi tuliolala saba kwenye mkeka mmoja, kizuka kingepita wapi? Kingemkanyaga nani kwanza?

Lakini hakuna sinema iliyonitisha kama wewe, Mama. Hukuwa na damu wala muziki. Ulisema tu, "Zimwi likasimama nyuma ya mlango," ukanyamaza, ukageuza kuni, na sisi sote tukautazama mlango wetu. Na ulikuwa na sheria: hadithi ya zimwi hailali bila kumalizwa. Hata tukisinzia ulitutikisa mmoja mmoja mpaka useme, "Zimwi limekufa, mtoto amerudi, chakula kiko tayari," nasi tujibu, "Tumesikia." Ulituambia hadithi iliyoachwa katikati inatafuta mwisho wake yenyewe, na inautafuta ndani ya nyumba za watu. Nilidhani ni maneno ya kutulaza.

Jumapili mchana mwenye banda alileta sinema mpya. Ndani yake kuna bibi mzee, amefunga kitambaa cheupe kichwani, anapita kijijini akibisha milango. Anapobisha, kijana wa nyumba ile hapati kupona. Nilimpa bibi sauti tamu, watu wakasogeza benchi mbele. Akafika mlango mmoja, ndani kijana amelala. Bibi akainua mkono abishe, na hapo jenereta ikakohoa, esanse ya tangi imekwisha, giza tupu chini ya maturubai. Wanaume wazima walipiga yowe! "Mwandishi, malizia!" Mama, niliishusha megafoni. Sinema ile sikuwahi kuiona. Na vitabu vyangu unavijua, ndani yake watu wanakufa wote, ukurasa wa mwisho ni giza. Nilifikiri ndiyo kazi ya mwandishi wa vitisho. Mwenye banda akasema, "Tutamaliza kesho," nao wakaenda kwao wamemwacha bibi mlangoni, mkono juu.

Kesho yake Asumani, mchimbaji, kijana wa nguvu zake, alivutwa kutoka shimoni akitetemeka, meno yanagongana. "Ile bibi ya video iko mu shimo," alisema. Halafu homa ikamchukua akili. Mimi nasema ni malaria, ama hewa mbaya ya chini, lakini nani ananisikiliza? Mwenye banda alishikwa na woga, akaichoma ile disiki. Kwa hiyo hata mwisho wa kuwaonyesha hakuna tena. Ndipo mtu mmoja akasema, "Lakini bibi ya kitambaa cheupe iko hapa kwetu."

Alimtaja Mama Vumilia. Ni mjane kutoka vijiji vya Kabambare, Mkristo, anauza bugali na sombe ya majani ya muhogo mbele ya banda. Kitambaa kile alikifunga siku mwanawe alipofukiwa na shimo, na hajakivua. Wote wamekula sahani zake. Ghafla wakakumbuka kwamba analala peke yake, kwamba anaongea na jiko lake, kwamba aliwahi kumwambia Asumani, "Mutoto, umekonda." Kila mtu alileta kipande chake, na vipande vyote vilikuwa vya ile sinema. Wakamvunjia masufuria. Wakasema Asumani akifa, watamchoma.

Nilikwenda kwa wakubwa wa mashimo, wakaniambia nisiingilie mambo ya vijana. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa lake, wakasema watamwombea, kila mmoja nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alikuja kwangu kwa kupitia nyuma ya choo. Hakulia. Aliniuliza tu: "Mutoto yangu, miye hata sikuiona ile video. Nilikuwa inje, naosha masahani. Sasa nimekosa nini?"

Mimi ndiye niliyelia, Mama. Nimeandika maiti wanaotembea, nimeandika mto uliogeuka damu, na watu wakanisifu. Mwanamke anayeuliza amekosa nini ndani ya sinema ambayo hakuitazama, huyo sikuwahi kumwandika, na ndiye aliyenitoa jasho. Kizuka cha sinema kinaingia nyumba moja. Woga wa watu unaingia zote, tena unabeba mawe.

Nilimwomba avue kitambaa. Alikataa, "Ni ya mutoto wangu hii." Halafu akakifungua mwenyewe, akakikunja, akanipa. Chini yake nywele zake ni nyeupe vilevile. Nikamfunga kichwani kikwembe, kitenge cha bluu.

Sasa nakuomba usiinuke. Shabani wa pikipiki, yule unayemjua, nilimpa abiria, na abiria ndiye aliyebeba barua hii. Huyo aliyekaa mbele yako ni Mama Vumilia.

Najua umemvuta mjukuu nyuma yako. Najua unaogopa wachawi kuliko nyoka. Dada Feza alipofariki ulimnyooshea kidole jirani yetu mfinyanzi, naye akahama na vyungu vyake mpaka Nyangwe. Hadi leo samaki wakitoka Nyangwe, unamuuliza muuzaji kama yule mama bado yuko. Mbona unauliza, Mama? Sikugombezi. Mwana hamgombezi mzazi. Lakini nadhani ile hadithi pia haikumalizwa.

Sina mlango mwingine wa kubisha. Kwao Kabambare habari imeshamtangulia. Wewe ukimtoa nje, majirani watauliza sababu, na sababu ikishatajwa hapo Kasongo, hana tena pa kwenda duniani. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha. Kama umeshampa maji yako akanywa, ni mgeni wako, wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo. Ndiyo maana nilianza na maji. Nisamehe ujanja huo, nilikosa njia.

Mimi nabaki. Leo jioni nitasimama bandani bila sinema, niwamalizie kwa mdomo: mlango ukafunguliwa, kijana akaona kumbe bibi anamtafuta mwanawe tu, akamwambia karibu. Kitambaa chake ninacho mfukoni, nitawaonyesha. Sijui kama watanisikiliza ama watanigeukia mimi niliyemtorosha. Asumani bado hajafumbua macho. Ningekimbia na Mama Vumilia, lakini wangetufuata sote wawili. Naogopa, Mama. Naogopa kweli, na benchi sina.

Msalimie kaka yangu fundi wa baiskeli, umwambie asije kunitafuta. Msalimie shangazi anayekausha samaki Nyangwe. Msalimie na mwalimu wangu wa madrasa, aliyesema vitabu vyangu vitaniletea balaa. Mwambie alisema kweli, na aniombee hivyo hivyo. Mjukuu wako umwambie mjomba wake anamkumbuka kila siku.

Ulitufundisha maneno matatu ya kulaza hadithi. La kwanza, zimwi limekufa: hilo siwezi kukuahidi, huku bado linatembea. La pili, mtoto amerudi: wake hatarudi, na wako hajui. Limebaki la tatu, Mama, na liko jikoni kwako. Mtazame usoni umwambie chakula kiko tayari. Akijibu, "Nimesikia," basi popote nitakapokuwa, hadithi moja ya mwanao itakuwa imelala.

Mimi, kitindamimba wako,
Useni