Swichi ya Taa

4 Machi

Kwa binti yangu mkubwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo. Natumaini u mzima, na kwamba kutandika mashuka ya hoteli hakukuumizi tena mgongo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama yako, na ndiyo sababu ya barua hii. Usishtuke. Anakula, anacheka, na kunituma ananituma kama kawaida. Ila mkono wake wa kulia umevunjika, umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

Jumanne asubuhi nilikuwa nampeleka kununua nyuzi. Tulipofika katikati ya lile handaki la chini ya reli, pale kwenye kona, taa za mbele zikazimika zote mbili. Unajua pale hata mchana huoni kidole chako. Nikakanyaga breki, lakini ukuta niliuhisi kabla sijauona. Upande wa mama yako ndio uliogonga, naye alijikinga kwa mkono wa kulia.

Polisi alipokuja akabonyeza swichi, taa zikawaka vizuri tu. Akaandika kwamba dereva hakuwasha taa. Nikamwambia niliwasha, ila baada ya kugonga nilizima kila kitu. Akaniuliza umri wangu. Nikamjibu sabini na mbili, naye akafunga daftari.

Nimeendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na moja, sikumwongezea mgonjwa hata mchubuko. Leo wa kwanza kuumia mikononi mwangu ni mke wangu.

Simu unajua masikio yangu hayapatani nayo. Niandikie.

Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Poleni sana. Mimi mzima, mgongo umepoa, ila usingizi nimekosa tangu barua yako ifike.

Nimeongea na mdogo wangu kwa simu. Anasema mama hatashika mkasi kwa miezi mitatu, na nguo za watu zimejaa chumba kizima. Mama naye nimeongea naye. Anaapa kwamba taa zilizimika zenyewe. Lakini Baba, mama huyo huyo angeapa hata kwamba ukuta ndio uliosogea, mradi wewe usilaumiwe.

Taa hazizimiki zenyewe kisha zikawaka vizuri mbele ya polisi. Nakuomba ukubali kwamba umri umefika. Nenda ukapimwe macho. Na ufunguo wa gari umpe mdogo wangu, awe analitumia yeye kwenda kazini. Gari limeandikwa jina langu. Sikutaka kulisema hilo kwa baba yangu, lakini leo nalisema.

Ni mimi bintiyo


6 Aprili

Binti yangu,

Sisi wazima. Mama yako anajifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto na kukitukana kwa mdomo.

Gari limetengenezwa ubavu na ufunguo nimempa mdogo wako. Anakwenda nalo kliniki, na wajawazito wake wamefurahi kwamba mkunga siku hizi anawahi.

Nimewaza sana. Pengine kweli sikuwasha. Mkono ukizoea jambo miaka mingi, huweza kudhani umelifanya kumbe haujalifanya. Nilimwomba mama yako anisamehe, akakataa. Anasema hana la kusamehe.

Baba yako


20 Julai

Baba,

Shikamoo. Hujambo lakini? Barua zangu mbili hukuzijibu, na hii ni ya tatu.

Mama yuko salama, nimesikia plasta imetolewa. Wewe ndiye unayenitia wasiwasi. Mdogo wangu anasema siku hizi kila mahali unakwenda kwa miguu, na akikupa lifti unakaa nyuma. Anasema unakagua jiko mara tatu kama limezimwa, kisha unamwita mama aje akague tena. Baba, sikukusudia hayo. Nilitaka tu usiendeshe.

Niandikie hata mstari mmoja.

Bintiyo


3 Oktoba

Baba,

Shikamoo, na uniwie radhi kwamba leo siulizi hali kwanza. Kabla ya kuandika nimempigia simu mdogo wangu. Gari limeegeshwa kliniki na halitaondoka pale mpaka fundi aje. Mdogo wangu yuko salama. Sasa soma taratibu.

Kwa kuwa nililinunua gari kwa jina langu, barua zake zote huja kwangu. Wiki tatu zilizopita ilikuja bahasha ya wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, nikadhani ni matangazo, nikaiweka juu ya kabati. Jana nikifanya usafi nikaifungua. Wanayaita magari yote ya aina ile yarudishwe. Wameandika kwamba swichi ya taa za mbele ina kasoro. Ikipata joto, kipande cha ndani hulegea, na taa huweza kuzimika zote gari likiwa linakwenda. Swichi ikipoa, taa huwaka tena kama kawaida. Wanabadilisha bila malipo, na wanaonya mtu asipite penye giza kabla haijabadilishwa.

Nambari ya chasisi nimeilinganisha tarakimu moja moja, mara tatu. Ni ya gari letu. Miezi sita mdogo wangu amepita na gari lile kwenye handaki lile, na mimi ndiye niliyesema apewe.

Baba, uliwasha taa. Uliniambia, mama akaniambia, nami nikaamini daftari la mtu aliyefika baadaye. Nisamehe.

Nimeweka nakala ya ile barua humu ndani.

Bintiyo


21 Oktoba

Binti yangu mpendwa,

Tumeamka salama, wote watatu, na nakwambia hivyo nikijua uzito wake.

Barua yako niliisoma mezani, mama yako yuko kwenye cherehani. Niliisoma mara mbili, nikampa. Akaisoma, akavua miwani, akasema, "Basi angalau waliotengeneza gari wameniamini." Akaendelea kushona. Mimi nilikwenda kujinyoosha kidogo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipoamshwa, chakula cha jioni kilikuwa mezani. Sijalala hivyo tangu Machi.

Barua zako sikuzijibu kwa sababu sikujua naandika kama nani. Mtu asiyejua mkono wake umefanya nini, atamwambia nini mwanawe? Wewe usijilaumu kupita kiasi. Uliogopa kwa ajili ya mama yako. Ningekuwa mimi, ningeandika makali zaidi. Na la macho ulikuwa na haki nusu. Nimepimwa, nimepewa miwani mipya, na nimegundua kwamba jirani yetu ana mvi.

Fundi wa wakala alikuja kliniki Alhamisi akabadilisha swichi. Dakika ishirini. Ile ya zamani aliifungua akanionyesha, ndani imeungua rangi ya kahawia. Akauliza nani alikuwa anaendesha siku ya ajali. Miezi yote hii, mtu akiniuliza hivyo, nilikuwa naongeza, "na kosa ni langu." Safari hii nilisema, "Ni mimi," nikaishia hapo.

Tangu hapo nimepata kazi. Nimetoa nakala za ile barua, nazunguka mjini natafuta magari ya aina ile. Nimepata kumi na moja. Wenye magari wengine walidhani nauza kitu. Dereva mmoja wa teksi aliniambia taa zake huzimika mara kwa mara, naye huipiga swichi ngumi zikawaka. Nilimshika mkono hadi kwa wakala kama mgonjwa.

Siku ile ya fundi, mama yako alikuwa amekuja kliniki kumjaribisha muuguzi gauni lake, muuguzi hakuwepo, akarudi nalo. Mdogo wako akanipa ufunguo, akaingia nyuma. Nilimwambia mama yako kwamba tunaweza kuzunguka kwa juu, tusipite chini ya reli. Akasema kuzunguka ni kupoteza muda. Akakaa mbele, upande ule ule, akafunga mkanda, akalitandaza gauni mapajani kumalizia pindo.

Alishona njia nzima. Hata tulipoingia handakini hakuinua uso. Mwanga wa taa za mbele uliorudi kutoka ukutani ulimtosha.

Baba yako