Chumba cha Mama na Rangi ya Kijani

Nyamwaga, Alhamisi, Aprili 1957

Mvua imenyesha tangu asubuhi, na mama amelia mpaka jioni. Sina la kufanya, ndiyo maana naandika.

Alipokuwa amelazwa kule Musoma, mimi nilizipenda kuta za wodi. Kijani hafifu, safi, hata inzi akitua unamwona. Nikajiambia, mama akirudi naye alale pazuri namna hiyo. Mimi ni mwalimu, na nilikuwa naona haya wageni wangu wakikuta nyumba yake imesiribwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Basi nikanunua rangi ya mafuta dukani Tarime, kijani kile kile, nikapaka vyumba vyake vyote viwili. Mke wangu Bhoke alisema tumngoje mwenyewe, maana ukuta wa mama hausiribwi ila na mama. Nikamcheka.

Mama aliletwa juzi akiwa amelala kwa homa. Alipofumbua macho akatazama ukuta, akauliza mbona bado yuko hospitali.

Tulidhani atazoea.

Hajazoea. Ugonjwa umemvuruga akili, mara ananijua mara hanijui, lakini ukuta anaujua kila anapoamka. Ugali anausukuma, anasema chakula cha hospitali hakimpiti kooni, na mtama wenyewe umetoka shambani kwake. Tulijaribu kumhamishia kwangu. Kwetu mzazi halali katika nyumba anamolala mwanawe na mkewe, na hilo hajalisahau hata kidogo. Alishika mwimo wa mlango akapiga yowe mpaka tukamrudisha.

Leo nikamwomba Bhoke asiribe juu ya rangi. Akakanda udongo na mavi mabichi, akapaka ukuta wa kitandani kwa viganja, kama mama alivyomfundisha alipoolewa. Kwa muda kidogo nilipata matumaini, maana chumba kilinukia nyumbani. Kisha udongo ukaanza kuteleza. Haushiki kwenye rangi ya mafuta, nami nilipaka mara mbili nikijisifu kwamba itadumu. Mchana kutwa umedondoka bonge baada ya bonge, kijani kikichungulia. Nikakwangua kwa panga, ukuta wenyewe ukaanza kumeguka, nikaacha. Kubomoa katika mvua hii na yeye alale wapi?

Bhoke akazoa mabonge, akafagia sakafu. Afadhali angenisema.

Nimechoka, na naogopa. Mama hatadumu, kila mtu analiona hilo, na mimi nimemnyima kitu kidogo alichobakiwa nacho, kufia kwake.

Jioni nilikaa kando ya kitanda. Akanishika mkono kwa adabu, kama mtu anayetaka kumsumbua mgeni.

"Mura," akaniita, vile wazee wanavyomwita kijana yeyote, "wewe una miguu. Ukipita Nyamwaga, mwambie Mwita wangu aje anichukue. Sitaki kufa huku kwa watu."

Mwita ni mimi.

Nikamwambia, "Mama, ndiye mimi, na hapa ni kwako." Akatazama ukuta, akatazama uso wangu, akanihurumia kama mtu anayemhurumia mwongo. Nikaona nimkubalie tu.

"Nitamwambia, mama."

Akanishukuru sana, akanibariki mimi na watoto wangu, akala ugali kidogo, akatulia kusubiri.

Kesho akiniuliza kama nimemwona Mwita, nitamjibu nini?