Ngozi ya Tseikuru, Ngozi ya Kikima

Kikima, 3 Machi 1974

Mwanangu Kiema,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tuko wazima, isipokuwa goti la mama yako. Natumaini huko Tseikuru unachanja ng'ombe wa watu bila kupigwa mateke.

Nina habari. Ulipokuja likizo ya Februari kila mtu aliona mikono yako ikiwa safi. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba Bwana amekuponya ule ugonjwa wa ngozi uliokutesa tangu darasa la tano. Watu waliimba mpaka mchungaji akasahau matangazo. Baba yake Kalunde, yule aliyeapa hatampa binti yake mtu anayepukutika, alinishika mkono pale nje akasema, "Mzee Mutunga, leta mbuzi." Anataka harusi iwe Agosti, kisha mkae hapa hapa, maana Kalunde anafundisha shule ya hapa na hawana mtoto mwingine. Omba uhamisho.

Baba yako,
Jonah Mutunga


Tseikuru, 29 Machi 1974

Baba mpendwa,

Nashukuru kwa barua. Mimi ni mzima, joto tu. Mwambie Mama asipande mlima kuchota maji na goti hilo.

Baba, sikupona. Ni jua. Daktari aliniambia ugonjwa huu hauambukizi na hauishi, ila jua huutuliza. Huku nashinda kwenye maboma ya ng'ombe bila shati. Ukungu ukishuka Kikima mwezi wa Juni, magamba yatarudi kwenye viwiko, magoti na kichwa. Unajua niliacha shule ya bweni kwa sababu hakuna aliyekubali kulala kitanda cha karibu. Na kazi hii niliiomba kwa sababu ni ya Tseikuru, ambako wengine hawataki kuja.

Tafadhali waambie ukweli kabla mbuzi hawajatoka zizini. Au Kalunde aje huku, shule inalilia walimu. Nampenda, ndiyo maana nataka ajue.

Mwanao,
Kiema


Kikima, 26 Mei 1974

Mwanangu Kiema,

Mama yako anakusalimu, na goti linakusalimu pia. Mahindi yameota vizuri.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua niandike nini. Nikisimama tena kusema nilikosea, ni nani ataniamini hata nikisoma matangazo? Na jua ni la nani, Kiema? Bwana akitaka kuponya kwa jua, si mimi wa kumkataza.

Nimeomba harusi isogezwe hadi Januari, nikasema idara ya mifugo haikupi likizo. Mbuzi wameshakwenda, na mablanketi. Kalunde anashona mapazia. Usimwandikie habari za magamba. Baridi ikija utavaa shati la mikono mirefu kama watu wengine wote.

Baba yako,
Jonah Mutunga


Tseikuru, 20 Julai 1975

Baba,

Natumaini wewe na Mama hamjambo. Nisameheni kwa kuondoka bila kuaga.

Nilikutii kwa sababu nilimtaka Kalunde, basi sikulaumu peke yako. Baada ya harusi ya Januari nilihamia kituo cha Kikima, na mpaka Mei tuliishi vizuri. Juni ngozi ilipasuka kila mahali. Kila asubuhi alikung'uta shuka dirishani kabla mama yake hajaja. Aliniambia neno moja tu: "Ungeniambia, ningechagua mwenyewe."

Kisha wazee wa kanisa wakaja kuniuliza ni dhambi gani niliyoificha hata ugonjwa ukarudi. Ulikuwa umekaa nao, Baba, ukaangalia kikombe chako cha chai.

Mkubwa wangu wa zamani amenipokea huku hadi Desemba tu, halafu lazima nirudi kituo cha Kikima. Muulize Kalunde kama atakubali kuja. Mke wangu akiwa mwalimu wa hapa, huenda idara ikaniacha nibaki.

Mwanao,
Kiema


Kikima, 17 Agosti 1975

Mwanangu Kiema,

Tunakukumbuka katika sala. Ngozi inaendeleaje?

Kalunde yuko kwa wazazi wake. Ni mjamzito. Nilimuuliza, akasema angekuja. Baba yake amekataa: hatamwachilia aende mbali na mtu aliyetengwa na kanisa, na akizaa huko mtoto hatakaribishwa hapa.

Kuna njia. Wazee wanataka ungamo la maandishi. Andika moja tu. Sema ulikunywa pombe kwenye sherehe huko. Ni dhambi ndogo, kila nyumba inaielewa. Najua hunywi. Lakini hivyo mambo yanakaa sawa: Bwana aliponya, wewe ukaanguka, ugonjwa ukarudi. Utasamehewa, na yeye atakuja.

Baba yako,
Jonah Mutunga


Tseikuru, 7 Septemba 1975

Baba,

Huku wazima. Ngozi imeanza kutulia.

Ungamo limo ndani ya bahasha hii. Nimeandika pombe ya busaa, kwa sababu sijui majina ya nyingine. Msomee Kalunde kwanza, na umwambie ni uongo. Yeye asidanganywe mara ya pili.

Mwanao,
Kiema


Kikima, 12 Oktoba 1975

Mwanangu Kiema,

Bwana asifiwe. Mama yako ametembea mpaka sokoni bila fimbo.

Nililisoma ungamo lako mbele ya kanisa zima. Wanawake walilia. Umesamehewa na kurudishwa kundini. Kalunde nilimwambia kama ulivyotaka. Alitoka nje kabla sijamaliza kusoma.

Baba yake sasa anasema hivi: dhambi imetoka, kwa hiyo ugonjwa nao umetoka, kwa hiyo hakuna sababu ya Kalunde kuja Tseikuru. Wewe rudi. Wazee wanakubaliana naye. Mchungaji ameshatangaza kwamba utashuhudia uponyaji wako kwenye mkutano mkuu, Julai. Nilijaribu kuomba iwe Februari. Waliniuliza kwa nini.

Mtoto anatarajiwa Desemba.

Baba yako,
Jonah Mutunga


Tseikuru, 2 Novemba 1975

Baba,

Msalimie Mama na Kalunde.

Nitarudi Desemba. Mtoto ni wangu, na kituo kilichobaki ni hicho. Nitafika na ngozi nzuri, na baba mkwe ataiona.

Julai watauliza tena. Anza kufikiria mapema, Baba. Pombe tumeshaitumia.

Mwanao,
Kiema