Fimbo ya Baba Mkwe Mtarajiwa

We, uko wapi? Nimeumbuka!

Ile fimbo niliyomchongea baba mkwe mtarajiwa. Ulinishauri nikate mpera, niuache kivulini miezi mitatu ukauke. Nani akusikilize? Mimi si ndiye fundi milango bingwa! Nikakata mkaratusi Alhamisi, eti umenyooka, nikapaka vanishi, Jumamosi huyo ukweni kumkabidhi.

Leo mzee akainuka kutoa jibu la posa. Akaiegemea. Fimbo ikapinda kama mpira! Mzee akatua mapajani kwa shangazi yangu. MAPAJANI, nakwambia!

Mzee akaikwaruza fimbo kwa ukucha, ikatoa maji.

"Mti mbichi," akasema. "Haraka yote hii ya nini?"

Halafu akamtazama binti yake tumboni.

Hilo tulipanga kumwambia baada ya jibu.