Majaketi ya Polisi Yako kwa Mpwa Wangu

Mama Losalini mpendwa, mimi si mtu wa kuomba msaada, uliza kisiwa chetu chote, wao ndio huja kwangu, lakini leo nimekwama na naomba uniazime akili yako. Jina langu usilitaje redioni, sema tu sajini mrefu mwenye masharubu, wa kituo kidogo cha polisi cha visiwa vya mbali na mji mkuu wetu Suva, hakuna atakayenijua.

Mimi ni polisi mwaka wa thelathini na moja. Shule niliishia darasa la sita, nikaingia kazini kwa mabega tu, wakati ule wakiona unacheza raga vizuri hawakuulizi kusoma. Boti ya polisi naiendesha mimi, na ule mlango wa mwamba wetu, upenyo wa boti kutokea bahari kuu, ambao mawimbi yanaugombania kutoka pande mbili, nimeupita kwa jua na kwa mvua na mara moja nikiwa na jino linaniuma na mbuzi wa ushahidi miguuni, na papa aliyetufuata siku ile alikata tamaa mwenyewe akarudi kwao. Mke wangu Kelera anasoma hapa begani, anasema hakukuwa na papa. Yeye hakuwemo botini.

Sasa sikia. Makao makuu walituletea majaketi ya kuokolea sita, mapya, rangi ya chungwa, yale ukianguka nayo majini yanakuweka pua juu. Stoo ya kituo inavuja, bati limeoza tangu kimbunga cha mwaka juzi, nikaona yasiharibike, nikayahamishia nyumbani kwangu nikayatundika ukutani, yakapendeza kama mapambo ya harusi. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Dada yangu Salote ana mwanawe, Jope, mtu mzima wa miaka arobaini na tumbo lake, na mila yetu unaijua, mtoto wa dada akiingia kwa mjomba anachukua akipendacho na mjomba hana mdomo. Mwaka jana alichukua nguruwe wangu na mkeka mpya, nikacheka naye. Safari hii akaingia, akasimama pale ukutani mikono kiunoni.

"Mjomba, haya mazuri ni ya nani?"

"Ya kazini hayo, Jope."

"Yako nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi mjomba, umeshajijibu."

"Jope, hayo ni ya serikali."

"Na serikali ni nani kisiwa hiki kama si wewe? Au siku zote ulikuwa unatudanganya?"

Ningesema nini, mama, mbele ya mke wangu? Akayabeba yote sita. Sasa yako kwenye boti yake ya kupelekea magimbi sokoni, kayapanga kwenye mbao, abiria wanayakalia, matakia. Akipita ananipungia mkono.

Shida yangu ni Konstebo Merewai. Ameletwa kwetu mwezi wa pili, katoka mafunzoni, ana miaka ishirini na tatu, anakagua kila kitu, redio, kamba, sanduku la huduma ya kwanza, na kila akiuliza majaketi mimi namwambia, "Binti, ukiwa na mimi, jaketi ni mimi." Jumanne iliyopita tulitumwa kisiwa cha jirani kwa kesi ya wizi wa kava, ile mizizi ya kinywaji chetu cha heshima, tukiwa pale mlango wa mwamba wimbi likatupiga ubavuni, Merewai akatoka nusu nje ya boti, nikamdaka mkanda wa kiunoni, mkono mmoja huo, wa pili uko kwenye injini, na umri wangu huu. Hakulia. Alikamua kofia yake, akaniuliza polepole, "Afande, majaketi yako wapi?"

Nikamwambia yako Suva kwa fundi, mikanda inashonwa.

"Yote sita?"

"Yote."

"Fundi gani, afande?"

Nikamwambia atazame mbele.

Tangu siku ile sili vizuri, na mimi ni mtu wa kula. Ule mkanda bado nausikia kwenye vidole. Baada ya wiki mbili inspekta anakuja kutufundisha uokoaji, kila askari ataruka majini kwenye mlango ule na jaketi lake, na kabla hajafika, Alhamisi hii, nina safari nyingine na Merewai. Nimewaza niazime majaketi ya hoteli ya watalii nikwangue jina lao kwa kisu, au niseme kimbunga kiliyabeba, ila cha mwaka huu bado hakijaja. Kumwomba Jope arudishe siwezi, mjomba anayedai alichochukua mpwa huchekwa mpaka na kuku. Nimebakiza miaka miwili nistaafu kwa heshima. Nifanyeje?

Sajini asiyetajwa

*

Sajini, nilicheka kwenye papa, nikaiweka barua mezani kwenye mkanda.

Najua uchungu wako. Mimi nami nina kaka zangu na wanangu wanawachukulia watakavyo, mila hiyo ni tamu na sitaki ife. Lakini umeniuliza utamkabili vipi inspekta. Merewai atalikabili vipi wimbi la Alhamisi, hilo hukuniuliza. Siku ile ulimdaka. Mshukuru Mungu, usijishukuru wewe. Mkono uliodaka mara moja haujaahidi mara ya pili, na siku ukianguka wewe, mtu wa mabega kama hayo, nani atakuvuta? Yule binti, bila boya, peke yake na injini inayozunguka?

Alhamisi boti haitoki. Leo hii, ukimaliza kusikiliza redio, nenda kituoni ukamwambie Merewai ukweli wote, mwambie hakuna fundi, mwambie uliogopa kuchekwa. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha mpigie inspekta mwenyewe kabla hajapanda meli. Akisikia kwako ni kosa, akisikia kwa wengine ni hila. Habari ya kisu na jina la hoteli sitaki kuisikia tena, mzee mzima.

Kwa Jope, unaogopa kitu ambacho hakipo. Mpwa ana haki kwenye vitu vya mjomba. Nguruwe alikuwa wako, akamla kihalali. Majaketi hayakuwa yako hata siku uliyoyatundika. Kwa hiyo huendi kudai ulichotoa, unaenda kuomba radhi kwa kumwachia kisicho chako. Usimfuate moja kwa moja. Pitia kwa dada yako Salote, beba kava, kaa chini, sema hivi: "Dada, nimemkosea mwanao, nimemwacha achukue mali ya watu, naomba nimpe changu badala yake." Halafu mpe changu kweli, kizuri, kitakachokuuma. Nakuhakikishia Salote ataenda botini mwenyewe, na abiria wa siku hiyo watasimama.

Yakirudi usiyatundike popote kwanza. Jaketi lililokaliwa na wauza magimbi miezi yote hiyo huenda limeshajifia. Yajaribuni moja moja kwenye maji ya kiunoni, na lisilombeba mtu likateni hapo hapo asije mwingine akaliamini, kisha mwambieni inspekta aje na mengine. Na bati la stoo, kamwite Jope. Mwenye haki ya kuchukua ana mikono ya kugongea misumari, na mila haikumkataza jasho.

Kustaafu kwa heshima kunawezekana, sajini, bado una miaka miwili. Ila siku ya mafunzo usisimame botini ukipiga stori. Ruka wa kwanza. Umenieleza majaketi yalivyoingia kwako na yalivyotoka, ila hujaniambia siku hata moja uliyolivaa jaketi, nami nadhani hujui linavyofungwa. Mwombe Merewai akuoneshe mikanda, mbele ya wenzako, na usiruke mpaka yeye aseme iko sawa.